Nilipewa hadi Krismasi kuipata Ulaya kwa mita sita

BWANA we, kuna aibu na aibu. Mtu mzima kukaa barazani miezi mitano akiita "si-kyu, si-kyu" kwenye kimashine kisichomjibu, huku watoto wa jirani wanachungulia ukutani na kukenua meno, hiyo aibu usiiombe. Ilinikuta mimi mwenzenu mwaka 2024, hapa hapa Dar es Salaam.

Ubaya zaidi, hela ya ile redio ilikuwa hela ya bati la jikoni. Mama watoto hakugomba. Alisema tu, kwa ile sauti ya chini ambayo waume wenzangu mnaifahamu: "Baba watoto, hadi Krismasi asipoongea mtu humo ndani, tunaiuza, tunaezeka." Akarudi zake kwenye mchele.

Sasa msomaji utauliza, hiyo redio ni ya aina gani? Si ya kusikilizia mpira. Ni ya ridhaa, yaani mtu unazungumza na wenzako duniani kwa raha zako, bila biashara wala malipo. Wazee wangeiita simu ya upepo. Wapiga redio wa ridhaa wana masafa yao mengi, ila mimi nilipenda haya yanayoitwa mita sita, kuanzia megahezi 50. Wenyewe huyaita masafa ya kichawi, na si mchezo. Wiki nzima yanakuwa kimya kama makaburini, halafu dakika kumi tu unamsikia mtu wa bara jingine kama yuko chumba cha pili. Ukienda kunywa chai, umekosa.

Kabla ya kununua hata skrubu, tafuta leseni. Kwetu ni TCRA, na namba za wito za Tanzania huanza na 5H. Mwaka 2019 mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Sharm el-Sheikh, Misri, ulizitengea nchi za kanda yetu, Ulaya na Afrika, megahezi 50 hadi 52 kwa ajili ya wapiga redio wa ridhaa, lakini kila nchi ina masharti yake. Basi uliza kwanza umeruhusiwa kipande gani na kwa nguvu kiasi gani. Ukiropoka hewani bila karatasi, yatakayokukuta usiseme hukuambiwa.

Redio zenyewe zipo nyingi zilizotumika. Icom IC-706 ya mwaka 1995 ina mita sita ndani, na Yaesu FT-817 nayo inayo, japo hii inatoa wati 5 tu. Yangu mimi inatoa wati 100, na ikisema inakula kama ampea 20, kwa hiyo niliifunga kwenye betri ya gari. Hilo la betri ndilo lililokuja kuniokoa. Subiri kidogo.

Halafu kuna hii SSB. Redio ya kawaida ya AM inapotuma, sehemu kubwa ya nguvu zake inaishia kwenye wimbi mama ambalo halibebi neno hata moja, na sauti yenyewe inatumwa mara mbili, kulia na kushoto. Ubadhirifu mtupu! SSB inatupa wimbi mama, inatupa na upande mmoja, nguvu zote zinakwenda kwenye upande uliobaki. Ndiyo maana wati chache zinafika mbali. Kwa mita sita tunatumia upande wa juu, USB. Ila uwe na mkono mwepesi: ukikosea kidogo tu kutafuta stesheni, mtu anasikika kama bata aliyekabwa. Zungusha polepole hadi bata awe binadamu.

Antena ndipo nilipochekwa na fundi wangu wa Kariakoo. Hesabu ni rahisi: chukua 143, gawanya kwa megahezi. Kwa 50.15 unapata mita 2.85, ambayo ni urefu wote. Unakata katikati, kila mkono mita 1.42. Mimi kwa haraka zangu nikashika hiyo 1.42 kuwa ndiyo urefu wote, nikaikata tena vipande viwili. Nikapandisha juu, nikabonyeza maikrofoni, mshale wa kipimo ukaruka hadi mwisho na redio ikajipunguza nguvu yenyewe isiungue. Fundi aliniangalia akasema, "Kaka, hii antena ya kuku."

Alumini mpya, hela nyingine. Safari hii nilianza na mita 1.50 kila upande, nikawa napunguza kidogo kidogo hadi kipimo kikatulia. Nikailaza mlalo, maana watu wa SSB wote wanalaza. Ukiisimamisha unapoteza nguvu bure. Iko mita 6 kutoka ardhini, mbali na nyaya za umeme. Hapo sitanii, mlingoti ukigusa waya wa umeme utazikwa nao. Waya wa kushukia uwe wa omu 50, usichukue ule wa TV.

Basi kila jioni nikawa natega. Stesheni za SSB za kanda yetu hukutana 50.150, na kwa wale wa mabara mengine kuna 50.110. Kimya! Nikaja kuambiwa kwamba wengi wamehamia kwenye FT8, mtindo wa kompyuta uliotoka mwaka 2017, ambao mmoja wa waanzilishi wake ni Joe Taylor, yule mwanafizikia aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1993. Kompyuta zinaongea zenyewe, binadamu anakunywa kahawa. Namheshimu profesa, lakini mimi nilitaka sauti ya mtu. Mama watoto naye alisema mtu, hakusema kompyuta.

Kumbe sisi wa huku tuna bahati ambayo Wazungu wanaililia. Kuna mstari wa ikweta ya sumaku, si ile ya ramani, na kwa upande wetu unapita karibu na Addis Ababa. Hewa ya juu iliyochajiwa na jua hutuna pande zote mbili za mstari huo, na wimbi la megahezi 50 linarushwa kutoka huku hadi kule bila kugusa ardhi katikati. Wapiga redio wa ridhaa ndio walioligundua hilo mwaka 1947, kati ya Mexico na Argentina. Linapenda miezi ya Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, kuanzia kama saa 11 jioni, na hasa jua likiwa limechachamaa. Na mwaka 2024 lilichachamaa kweli, maana ndipo mzunguko wake wa miaka 11 ulipofika kileleni.

Oktoba nikakaza. Tatizo likawa makelele. Taa za jirani, chaja za simu, king'amuzi, vyote vinatoa mchakato "shhhh" unaofunika kila kitu. Usiku mmoja, kama saa 1 na robo, umeme ukakatika mtaa mzima. Watu wakaguna. Mimi redio yangu iko kwenye betri. Jamani, yale makelele yaliondoka kama mtu aliyefunga bomba! Na chini yake kulikuwa na sauti, inatetemeka kama mtu anayesema mbele ya feni. Anaita. Yuko Cyprus, zaidi ya kilometa 4,500!

Mkono ulinitetemeka. Nikataja namba yangu mara mbili, nikanyamaza. Akairudia, sawasawa, herufi kwa herufi, akanipa "faivu-naini", yaani nasikika safi. Nikampa yake na mraba wetu wa ramani, KI93. Nilipogeuka, mama watoto kasimama mlangoni na mshumaa.

"Huyo nani?"

"Mtu wa Cyprus."

Akasogea, akainamisha sikio. "Mwambie shikamoo."

Nikabonyeza maikrofoni nimwambie. Ndipo umeme uliporudi, mtaa mzima ukapiga kelele za shangwe, na ile "shhhh" ikammeza Mzungu wangu. Mtu pekee aliyeulaani umeme usiku ule ni mimi.