Je, Wajua? Mji Unaoishi na Wageni Wake

Je, wajua kwamba mjini Geel, Ubelgiji, familia za kawaida zimekuwa zikiishi na watu wazima wenye ulemavu au maradhi ya akili tangu Zama za Kati? Waliletwa kuombewa kwenye kanisa la Mtakatifu Dymphna. Chumba cha wagonjwa cha kanisa hilo kilipojaa, wenyeji wakawapokea majumbani. Wengi hawakurudi kwao. Walikula meza moja na wenye nyumba, wakachunga ng'ombe, wakabembeleza watoto. Mwaka 1850 serikali ikashika usimamizi, na mwishoni mwa miaka ya 1930 wageni hao walizidi 3,500. Leo wamebaki wachache. Familia hupewa posho, ingawa kwa posho hiyo hatajiriki mtu. Mwaka 2023 UNESCO iliutambua utaratibu huo kama mfano bora wa kulinda urithi.