Crash amerudi, na baba naye amerudi kucheza

Kwa kawaida malalamiko ya michezo ya video hutoka kwa mzazi yakamwendea mtoto. Nyumbani kwetu mwaka huu yamekwenda kinyume. Muadhini wa msikiti wa mtaani alipokuwa akiadhini Magharibi, aliyekuwa ameketi mkekani na padi mkononi ni baba. Aliyesimama mlangoni, kanzu mwilini na maji ya udhu yakimdondoka viwikoni, ni kijana wangu wa miaka 10. "Baba, si ulisema unamalizia hatua moja tu?"

Mchezo wenyewe si mgeni kwa wazazi wa rika langu. Ni Crash Bandicoot, yule kiumbe wa rangi ya chungwa mwenye glovu na suruali ya bluu, anayezunguka kama pia huku akivunja makasha na kuokota matunda. Bandicoot ni mnyama wa kweli, mdogo, wa Australia, ambaye hubeba watoto wake katika mfuko wa tumboni kama afanyavyo kangaruu. Mchezo ulitoka Marekani mwezi Septemba 1996 kwa mashine ya kwanza ya PlayStation, ukiwa kazi ya Naughty Dog, kampuni ya vijana wawili, Andy Gavin na Jason Rubin, waliokuwa wakitengeneza michezo ya kompyuta tangu wakiwa shuleni. Wa pili ukafuata 1997 na wa tatu 1998.

Sisi tuliupata bandani. Wengi wetu hapa Dar es Salaam hatukuwa na mashine nyumbani. Tulikwenda kwenye chumba chenye televisheni mbili tatu na pazia zito mlangoni, tukalipa kwa muda. Aliyekuwa na hela alicheza, asiyekuwa nazo alisimama nyuma ya kiti akitoa ushauri ambao hakuombwa.

Miaka zaidi ya 20 baadaye, tarehe 30 Juni 2017, michezo yote mitatu ilirejeshwa katika mkusanyiko mmoja kwa PlayStation 4, na mwaka uliofuata ikafika kwenye Xbox One, Nintendo Switch na kompyuta. Si Naughty Dog walioirejesha. Kazi ilifanywa na kampuni iliyoitwa Vicarious Visions, ya jimbo la New York, chini ya Activision. Nayo haikuwa kazi ya kupaka rangi ukuta wa zamani. Gavin aliandika sehemu ya mchezo wa awali kwa lugha ya kompyuta aliyoitunga mwenyewe, kwa mashine ambayo leo ni ya makumbusho. Warithi walipata maumbo ya njia, mashimo na madaraja kama yalivyochorwa zamani, lakini mwendo wa Crash, uzito wake na namna anavyotua, iliwabidi waujenge upya.

Hapo ndipo wakongwe walipogundua jambo. Walirukia sehemu zile zile walizozijua kwa macho yaliyofumba, wakadondoka. Watengenezaji walieleza baadaye kwamba mwendo wa mchezo wa tatu ndio uliochukuliwa kuwa msingi wa yote mitatu. Tena nyayo za Crash sasa zina umbo la mviringo kama la kidonge, hivyo akikanyaga ukingo huteleza badala ya kusimama. Kuna daraja la mbao zinazokatika, katika mchezo wa kwanza, ambalo mimi nilikuwa nikilivuka huku nikiongea na watu. Kijana wangu alinitazama nikidondoka mara 14. Alihesabu yeye.

Wenye biashara walijua wanamuuzia nani. Mtoto wa 2017 hakuwa amemsikia Crash. Aliyenunua ni mtu mwenye mshahara anayekumbuka utoto wake. Nchini Uingereza mkusanyiko huo ulikaa kileleni mwa mauzo kwa wiki kadhaa, na duniani kote ukauza mamilioni ya nakala. Maonyo mengi tunayopewa kuhusu michezo hii humlenga kijana na kumsahau baba yake, ilhali mchezo huu umetengenezwa umnase baba.

Nisieleweke kwamba nauharamisha. Tumesoma jinsi Bibi Aisha (r.a.) alivyokuwa na wanasesere wake, na jinsi Mtume (s.a.w.) alivyomruhusu kutazama Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi. Mchezo huu hauna damu, na mashirika ya Ulaya yanayopanga michezo kwa umri yameuweka kuanzia miaka 7. Lakini mzazi atakayeketi karibu ataona mambo kadhaa yanayotaka mazungumzo.

La kwanza ni kinyago. Crash hulindwa na kinyago kinachoelea, Aku Aku, ambacho katika kisa cha mchezo ni roho ya mganga wa kale. Akikusanya vitatu hadhuriki kwa muda. Nilianza kumweleza mwanangu kwamba kinga ni ya Allah (s.w.t.) peke yake, si ya mbao wala roho ya mganga, naye akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: "Kama ile aliyofungwa mtoto wa shangazi mkononi?" Nilinyamaza. Ile hirizi nyeusi nilikuwa nimeiona miezi mitatu mfululizo, na kwa kumstahi dada yangu sikuwahi kuitaja. Ilikuwa rahisi zaidi kukikemea kinyago cha kwenye televisheni.

La pili ni Papu Papu, chifu mnene wa kisiwani, wa kwanza kati ya maadui wakubwa wa mchezo wa kwanza, pamoja na watu wake wenye ngao. Hiyo ndiyo picha ya mtu wa kisiwa iliyokuwa vichwani mwa wachoraji wa 1996, na toleo jipya limeirudisha kwa rangi nzuri zaidi. Sisi tulioonyeshwa sana kwenye filamu za wengine tukiwa watu wa mikuki hatuhitaji kufundishwa kwa nini inakera.

Kuhusu mabinti, kuna afadhali. Tawna, rafiki wa Crash mwenye mavazi haba, ameachwa katika mchezo wa kwanza tu, na Coco, dada yake Crash, ambaye ni hodari wa kompyuta, sasa anaweza kuchezwa katika michezo yote mitatu. Binti yangu mdogo hakubali kuwa mwingine yeyote.

Ninachowatahadharisha wazazi zaidi ni pesa. Mkusanyiko huu hununuliwa mara moja yakaisha. Ndugu yake wa mashindano ya magari, aliyetoka Juni 2019, alikuwa hivyo pia. Miezi miwili baadaye, wakati watu wameshanunua, likaongezwa duka la kuuza sarafu za ndani ya mchezo kwa fedha halisi. Kadi ya benki isiachwe imehifadhiwa kwenye mashine.

Sasa nirudi mlangoni, kwa kijana mwenye udhu. Katika mchezo wa 1996 hukuweza kuhifadhi ulipofika kila upendapo. Ilikupasa kwanza ukamilishe chumba maalumu au upate kito. Ukizima kabla ya hapo, umerudi nyuma. Na bandani, hata ukiusimamisha mchezo, dakika ulizolipia ziliendelea kukatika. Huo ndio udhuru tuliokuwa nao adhana ikiingia kupitia lile pazia. Toleo jipya huhifadhi lenyewe kila umalizapo hatua, na PlayStation 4 inaweza kulazwa ikakungoja pale pale ulipoachia. Udhuru umeondolewa na mafundi, nami bado nilikuwa nimekaa.

Tuliswali pamoja, tukiwa tumechelewa rakaa moja. Njiani kurudi aliniuliza kama zamani, kule bandani, nilikuwa nikitoka kwenda kuswali. Ningeweza kumjibu kwa maneno ya kuzunguka. Nilimwambia kwamba nilikuwa kidato cha kwanza, nimeshabaleghe, na kwamba Magharibi nyingi zilinipita mle ndani.

"Umeshazilipa?"

Nilimwambia bado, na kwamba hata idadi yake siijui. Alifikiri kidogo, akasema basi tukadirie. Jioni ile tuliketi na daftari, tukahesabu siku za wiki nilizokuwa nikienda, tukatoa likizo na Ramadhani, tukazidisha kwa miaka miwili, tukaongeza kidogo kwa tahadhari. Daftari liko juu ya televisheni, karibu na padi. Baada ya kila Magharibi naswali rakaa tatu za kulipa, naye huchora mstari mmoja. Wiki iliyopita tulifika 41.