Ohlsdorf: Makaburi yanayotembelewa kama bustani

Wengi wetu huenda makaburini kwa sababu mbili tu: kuzika, au kuwazuru waliotutangulia. Lakini katika mji wa Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani, watu huenda kwenye makaburi ya Ohlsdorf kutembea chini ya miti, kuangalia ndege mabwawani na kusoma maandishi ya mawe ya zamani. Je, huko si kuwakosea heshima marehemu?

Jibu linaanzia mwaka 1877, makaburi hayo yalipofunguliwa. Hamburg ilikuwa inakua haraka, na ilihitaji eneo kubwa la kuzikia nje ya mji. Msanifu Wilhelm Cordes alilipanga kama bustani, lenye njia zinazopinda, mabwawa na maua, ili mfiwa apate utulivu na mpita njia naye apate pa kupumzika. Leo lina zaidi ya hekta 380, na mabasi ya mji hupita ndani yake na kusimama vituoni.

Anayetembea humo hujifunza jinsi watu walivyoomboleza. Nguzo iliyokatika ina maana ya maisha yaliyokatizwa mapema. Mwenge ulioelekezwa chini ni uhai uliozimika, na kipepeo ni roho. Sanamu nyingi za wanawake walioinamisha vichwa kwa huzuni zilitengenezwa viwandani miaka ya 1900 hivi, kwa hiyo hata msiba ulikuwa na mitindo yake. Kwingine kuna kaburi la pamoja lenye umbo la msalaba, la maelfu waliouawa kwa mabomu mwaka 1943. Juu yake kuna magogo ya mwaloni yenye majina ya mitaa iliyoteketea.

Lakini kumbukumbu hizi haziko salama. Ujerumani, kaburi kwa kawaida hulipiwa kwa muda maalumu, na Hamburg muda huo ni miaka 25. Baadhi ya makaburi familia inaweza kuyalipia tena. Isipofanya hivyo, jiwe huondolewa na nafasi inaweza kupewa mwingine.

Kuna tatizo jingine. Wajerumani wengi sasa huchagua kuchomwa baada ya kufa, na chombo cha majivu hakihitaji nafasi kubwa. Ardhi inabaki wazi, ada zinapungua, ilhali miti na njia bado vinahitaji kutunzwa. Ndiyo maana Hamburg imekuwa na mpango uitwao Ohlsdorf 2050, wa kuamua eneo hilo litumike vipi.

Njia mojawapo ya kuokoa mawe ya zamani ni ulezi. Mtu hugharimia ukarabati wa kaburi la kihistoria, naye hupata haki ya kuzikwa hapo siku yake ikifika. Pia kuna makumbusho madogo ndani ya makaburi hayo. Mwaka 2020, utamaduni wa makaburi uliingizwa katika orodha ya kitaifa ya urithi wa utamaduni usioshikika wa Ujerumani.

Kwa hiyo matembezi hayo hayamvunjii marehemu heshima, maana kaburi lisilotembelewa ndilo huondolewa bila mtu kuuliza. Adabu tu izingatiwe: sema kwa sauti ya chini, usikanyage makaburi, na ukikutana na msafara wa mazishi, simama pembeni mpaka upite.