Teksi za angani Nairobi: kazi si urubani peke yake

Muulize mwanafunzi yeyote wa Pwani anayependa ndege anataka kuwa nani. Atakujibu: rubani. Jibu hilo ni nusu ya habari, na laweza kumgharimu mzazi shamba.

Mwaka 2022 Fahari Aviation, kampuni tanzu ya Kenya Airways, ilitia saini makubaliano ya awali na kampuni ya Eve, tawi la Embraer ya Brazil. Yalihusu hadi ndege 40 za umeme zinazopaa na kutua wima kama helikopta. Kila moja imeundwa kubeba abiria wanne na rubani mmoja, kwa safari zisizozidi kilomita 100. Ndoto ni kwamba abiria atatoka uwanja wa JKIA au katikati ya Nairobi hadi Westlands na Lavington bila kukwama kwenye foleni. Lakini makubaliano ya awali si ndege, na teksi hizo hazijaanza kubeba watu jijini.

Sasa tuhesabu mikono. Angani yumo rubani mmoja. Chini wanahitajika mafundi wa betri na mota, wasimamizi wa vituo vya kutua, wataalamu wa hali ya hewa na waandishi wa programu. Wanahitajika pia waongoza ndege, maana anga ya Nairobi ina msongamano wake: Wilson iko kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji, JKIA iko Embakasi, na Eastleigh kuna kambi ya jeshi la anga. Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo.

Mlango ulio wazi leo ni droni. Kanuni za mwaka 2020 zinaruhusu raia aliyetimiza miaka 18 kumiliki droni, mradi isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA) na isipite futi 400. Kazi zipo: kupima ardhi, kupiga picha, kukagua nyaya za umeme.

Masomo yapo pia. East African School of Aviation, Embakasi, iko chini ya KCAA. Technical University of Kenya, katikati ya jiji, hufundisha uhandisi wa ndege. Anayelenga kozi hizi asiache hesabati, fizikia na Kiingereza.

Wazazi wetu, leseni ya rubani wa biashara huhitaji saa 200 za kuruka, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa, na kila saa inalipiwa. Kabla ya kulipa, ulizeni KCAA kama chuo kimeidhinishwa. Na kijana anayejua betri na mota hatakaa bure teksi za angani zikichelewa: pikipiki za umeme zimeshaingia barabarani, nazo zataka fundi leo.