Picha Kutiwa Mwangwi

Usistaajabu kusikia kwamba picha yaweza kutiwa mwangwi kama wimbo. Ndani ya kompyuta, picha na sauti zote ni tarakimu, na Audacity, programu ya sauti iliyotolewa mwaka 2000, haiulizi tarakimu hizo zimetoka wapi. Hivyo wako wasanii waharibuo picha makusudi wapate sura mpya.

Twaa picha ya BMP ya rangi, ya biti 24, yenye upana wa nukta 700. Ifungue humo kama data ghafi, kwa mfumo wa U-Law, sampuli 44,100 kwa sekunde. Ukiisikiliza, ni mngurumo mtupu! Itie mwangwi wa sekunde 1, na kivuli cha sura kitatokea mistari 21 juu yake. Maana kila mstari una baiti 2,100, nayo BMP huandikwa kuanzia chini. Mwanzo usiguswe, kwani baiti 54 za hapo ndizo zielezazo vipimo. Zikiharibika, picha haifunguki. Hifadhi kwa mfumo ule ule.

Ila mke wa askari aliyebakiwa na picha moja tu ya mumewe aliye mbali kazini, kwanza atoe nakala, na mchezo huu aufanye juu ya nakala hiyo.