Kinga ya zamani ni ya baba peke yake?



Hapa Uvira na katika bonde la Ruzizi, wazee wengi wana hadithi ya kinga. Njia ya kwenda Kiliba na Sange ni tambarare, kwa hiyo kinga ndiyo ilikuwa gari ya familia. Ilipeleka mihogo sokoni, ikapeleka mgonjwa hospitali, ikapeleka na mchumba ukweni.

Juma lililopita tulienda kusaidia mama mwenzetu kupanga vitu vya marehemu bwana wake. Nyuma ya magunia ya makala tukakuta kinga nyeusi, ile ya chuma kizito: breki za vyuma, kiti cha ngozi kilichopasuka, na dinamo ndogo inayogusa mpira ili taa iwake. Chini ya vumbi tukasoma Raleigh, jina la kiwanda cha Nottingham, Uingereza.

Watoto wake, ambao leo ni wazazi, walicheka huku machozi yakitoka. Mmoja alikumbuka kukaa mbele kwenye bomba, akishika usukani na baba. Mwingine alikumbuka kengele ya jioni: ikilia, mkate umefika. Wakakumbuka pia vita ya 1996, wakati kinga hiyo ilipobeba godoro, sufuria na nyanya yao, baba akiisukuma kwa mguu.

Mama alinyamaza muda mrefu. Kisha akatuambia kwamba miaka yote hiyo yeye hakuipanda hata siku moja. Bwana alitangulia na kinga. Yeye alifuata kwa miguu, mzigo kichwani na mtoto mgongoni.

Neno hilo lilituchoma, kwa sababu mpira wa kinga na wanawake wa Kongo wana historia moja. Mwaka 1888, huko Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alipata hati ya mpira wa gurudumu wenye upepo. Watu wa Ulaya na Marekani wakapenda kinga sana, na viwanda vikatafuta mpira kila mahali. Katika Kongo ya mfalme Leopold wa Pili, watu walilazimishwa kukamua mpira wa mwituni. Katika vijiji vingi askari walikamata wanawake na kuwafunga mpaka mabwana wao walete kiasi kilichoagizwa. Wengine walikufa humo kwa njaa. Utawala huo wa Leopold uliisha mwaka 1908.

Kwa hiyo wanawake wa Kongo walikwisha kulipia gurudumu hilo, tena kwa bei kali. Mbona binti zetu waambiwe kwamba kinga si ya mwanamke?

Sisi walimu tunaona matokeo darasani. Binti anayetembea saa nzima kabla ya kengele anafika amechoka, na mvua ikinyesha hafiki kabisa. Kaka yake anapewa kinga. Yeye anapewa ndoo. Wengine wanasema kinga inaharibu msichana na kumzuia kuzaa. Si kweli. Kinachoharibu msichana ni kuacha masomo.

Watoto wa mama yule walikuwa tayari kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma. Mama alikataa. Ameamua itengenezwe, na mjukuu wake wa kike aende nayo masomoni.

Kama kwenu kuna kinga iliyolala, fanyeni hivi. Kwanza, fundi aangalie bomba na mahali palipounganishwa; chuma kikiwa kimepasuka, msimpe mtoto. Kutu ya juu inasuguliwa. Mnyororo uoshwe na mafuta ya taa, kisha upakwe mafuta ya mashine. Mipira ya zamani ibadilishwe yote, na breki zijaribiwe kabla ya safari. Binti asipande na kikwembe kinachoning'inia, kwani kitaingia kwenye mnyororo. Avae suruali chini ya sketi. Ajifunzie uwanjani kwanza, si barabarani penye malori.

Franga za fundi zikikosekana, likelemba ya kikundi inaweza kusaidia familia moja kila mwezi. Na sisi wamama tusione haya kujifunza pamoja na binti zetu. Goti likichubuka, litapona.