Afya ya Mbwa Mkubwa ni Afya ya Kondoo na Watoto Wako

Mkulima mwenye kondoo katika skimu za Kinangop, Ol Kalou au Kipipiri anajua hasara inayoweza kuingia kwa usiku mmoja. Fisi au mbwa wazururao wakivunja zizi, asubuhi mwenye mali hukuta kondoo wamekufa na wengine wamejeruhiwa. Kwa sababu hiyo wakulima wengi hutafuta mbwa mkubwa, hasa wa aina ile iitwayo Alsatian au German Shepherd. Mbwa huyu ni msaada wa kweli. Lakini asipotunzwa aweza kuleta nyumbani hasara kubwa kuliko ile ya fisi. Yafaa kila mkulima ajue sababu yake.

Mbwa wa kazi

Mbwa hawa asili yao ni Ujerumani, ambako wachungaji waliwatumia kuongoza kondoo na kuwazuia wasiingie katika mazao. Utaratibu wa kuwazalisha ulianzishwa mwaka 1899 na Max von Stephanitz. Dume aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 30 hadi 40.

Mnyama kama huyu ameumbwa kutembea na kufanya kazi. Ukimfunga mnyororo mchana kutwa, ukali wake utakuwa wa ovyo, naye atamwuma mtoto wako kama atakavyomwuma mwizi. Mchukue angali mdogo, mwenye umri wa majuma 8 hivi, umzoeze kondoo, kuku na watu wa nyumbani. Akimkimbiza mwana-kondoo kwa mchezo, mkataze siku hiyo hiyo, kwa maana mchezo huo ukiachwa hugeuka kuwa desturi ya kuua.

Chakula chake

Ugali mtupu hautoshi. Changanya na omena, nyama ya matumbo iliyochemshwa, au maziwa yaliyobaki. Mbwa mzima apewe chakula mara mbili kwa siku, kisha apumzike kabla ya kukimbia. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu hupata ugonjwa wa tumbo kuvimba na kujipinda. Ukimwona tumbo limejaa kama ngoma, naye ajaribu kutapika bila kutoa kitu, mwite daktari wa mifugo saa ile ile. Ukingoja mpaka kesho utamkuta amekufa.

Tena, wako watu ambao mahindi yao yakiota ukungu humtupia mbwa. Hili ni kosa kubwa. Sumu ya ukungu huo, iitwayo aflatoksini, huharibu ini la mbwa na kumwua. Ni sumu ile ile iliyoua watu zaidi ya 100 Ukambani mwaka 2004.

Kichaa cha mbwa

Ugonjwa huu ulithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa karibu na Nairobi, na mpaka leo haujakwisha. Virusi vyake vimo katika mate ya mnyama mgonjwa, navyo huingia mwilini kwa jeraha la meno. Mara nyingi dalili huonekana baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, na zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara ni kifo.

Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia. Mpole huwa mkali, na mkali huenda akajificha gizani. Wengine hawaumi mtu, bali taya hulegea, mate humwagika, naye hushindwa kumeza. Hapo mwenye mbwa hudhani mfupa umekwama kooni, akatia mkono kinywani ili autoe. Usifanye hivyo kamwe! Hata ng'ombe atokwaye na mate asiyeweza kumeza, usimtie mkono kinywani kabla ya daktari wa mifugo kumwona.

Mtu akiumwa na mbwa, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Usitie pilipili, udongo wala majani. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo, hata kama jeraha ni dogo, hata kama mbwa ni wako mwenyewe. Usingoje kuona kama ataugua.

Kinga ni rahisi. Mbwa hupigwa sindano akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Bei ya sindano ni ndogo sana ukiilinganisha na uhai wa mtoto.

Tegu na vifuko vya maji

Tuseme mkulima amechinja kondoo kwa ajili ya sherehe. Anapopasua tumbo anaona ini lina vifuko vyeupe vyenye maji. Wageni wanachukia, naye anamtupia mbwa. Yeye anadhani amelitupa ini bovu. Kumbe amepanda ugonjwa shambani mwake.

Ndani ya vifuko hivyo mna mbegu za tegu mdogo sana, mwenye urefu wa milimita chache tu. Tegu hukua katika utumbo wa mbwa kwa majuma sita hivi, kisha hutoa mayai ambayo hutoka na mavi. Mvua huyasambaza juu ya majani. Kondoo akila majani hayo, vifuko vipya humea katika ini na mapafu yake. Mtoto akimpapasa mbwa, kisha akala bila kunawa, vifuko humea ndani yake pia. Huenda vikakua kwa miaka mingi bila maumivu, hata vikawa vikubwa kiasi cha kuhitaji kupasuliwa hospitali. Ugonjwa huu umewatesa sana watu wa Turkana.

Tegu wa aina nyingine hupitia katika kichwa cha kondoo. Kondoo huyo huzunguka mahali pamoja, kichwa kimeinama upande, akajigonga kwenye ua. Ukimchinja ukampa mbwa kile kichwa kibichi, mbwa atawaambukiza kondoo wengine wa kundi lako.

Katika skimu mashamba yetu yanapakana, na mbwa hajui mpaka. Mavi ya mbwa wa jirani yaweza kuwa katika malisho yako asubuhi hii. Kwa hiyo kazi hii ni ya wote. Kisiwa cha Aisilandi, nchi ya kondoo na mbwa wengi, kiliteswa sana na vifuko hivi. Mwaka 1864 kijitabu kilichoandikwa na mtaalamu Harald Krabbe kiligawanywa huko nyumba kwa nyumba, kuwafundisha watu wasiwape mbwa nyama mbovu. Baadaye zikawekwa sheria za kuwapa mbwa dawa ya tegu. Watu walitii, na ugonjwa ukatoweka kisiwani.

Kupe na dawa

Kupe humwambukiza mbwa homa. Ufizi wake huwa mweupe, mkojo huwa mweusi, naye hukataa kula. Mtazame masikioni na katikati ya vidole kila siku. Usimwogeshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia. Uliza kipimo cha mbwa. Tena usimpe dawa ya kondoo ya ivermektini. Mbwa wengi wa jamii ya Collie, na baadhi ya mbwa wengine wa kuchunga, hawaivumilii, na kipimo cha kondoo chaweza kuwaua.

Mambo ya kukumbuka

1. Mpeleke mbwa kupigwa sindano ya kichaa kila mwaka, na uiweke kadi yake.
2. Maini, mapafu na vichwa vyenye vifuko vichomwe au vifukiwe shimoni kwa kina, mbwa asiweze kufukua.
3. Nyama ya matumbo ichemshwe kwa muda mrefu kabla ya kumpa.
4. Mwulize daktari wa mifugo dawa ya tegu, na umpe kwa wakati atakaokupangia.
5. Watoto wanawe mikono kwa sabuni wakisha kucheza na mbwa.
6. Usiku mbwa awe ndani ya ua wako, asizurure.

Kinga ni bora kuliko tiba. Anza na mbwa wako, kisha zungumza na jirani yako juu ya mbwa wake.